Kidonge Kilichomvimbisha Mama Miguu

Mama yangu aliishi na tansio miaka mingi kabla hatujajua. Kwetu Uvira, mashariki ya Kongo, shinikizo la damu halihesabiwi kuwa ugonjwa mpaka limwangushe mtu. Kabla ya hapo huitwa mawazo, au hasira, au kukosa usingizi, au watoto wasiosikia. Mama alikuwa na watoto wasiosikia, kwa hiyo maelezo alikuwa nayo ya kutosha. Mimi, binti yake mkubwa, wa kwanza kati ya hao wasiosikia, ndiye niliyemkalisha siku moja kwa nguvu nikampima, mkono wake bado unanuka ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mashine ilisema kumi na tisa juu ya kumi na moja, ambayo kwingine husomwa mia moja tisini juu ya mia moja kumi. Nikapima mkono wa pili nikidhani mashine imechoka, ikasema vilevile.

Mimi ni muuguzi wa A2, yaani nilisomea uuguzi nikiwa sekondari, nikapata diploma yangu, na tangu hapo nauza dawa kwenye duka dogo Mulongwe, upande wa mtoni. Rafu yangu ya chini haina kitu, kwa sababu mto ukijaa huingia bila kubisha hodi. Dawa zote ziko kuanzia kifuani kwenda juu, na dawa za tansio nimeziweka usawa wa macho. Nilizipenda. Ni dawa zilizonifanya nijione nimesoma.

Niseme mapema, ili msomaji asije akadhani namletea kisa cha mchawi: kilichomvimbisha mama yangu miguu ni kidonge nilichompa kwa mkono wangu, na nilijua kabla hajakimeza kwamba kingeweza kumvimbisha. Hilo halikunisumbua sana wakati ule. Miguu iliyovimba kwa dawa haiui mtu. Nilichokuwa sijui ni kwamba ningenyamaza, na kwamba kunyamaza kwangu kungebebeshwa mtu mwingine.

Dawa hizo zinazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa na ya moyo, na msuli usiopata kalsiamu hulegea. Mwalimu wetu alitufundisha tuziwaze kuwa mabinti wa nyumba moja: wamefanana sura, lakini ole wako ukimwoa mmoja ukidhani umemwoa mwenzake. Nifedipini ni binti mwenye pupa. Akiingia anafungua mishipa yote kwa mara moja, damu inashuka ghafla, na moyo unashtuka na kuanza kukimbia ili kufidia. Amlodipini ni mpole. Anaingia taratibu, anakaa mwilini siku nyingi, moyo haushtuki, lakini kwa kuwa anapanua mishipa midogo ya kuleta damu bila kupanua ile ya kuirudisha, maji hubaki chini, na miguu huvimba, hasa dozi ikiwa kubwa. Verapamili yeye hajishughulishi sana na mishipa. Anaushika moyo wenyewe, anaupunguzia mwendo. Miguu mara nyingi haivimbishi, ila mtu mwenye moyo wa polepole binti huyu anaweza kumlaza moja kwa moja. Kuna na wa nne, diltiazemu, anayesimama katikati ya ndugu zake, lakini huyo hapa Uvira simpati hata mpaka wa Bujumbura ukiwa wazi.

Kwa mama nilianza na yule mwenye pupa, kwa sababu siku hiyo ndiye niliyekuwa naye. Haikupita nusu saa uso ukamwiva, akashika kifua kwa mikono miwili.

"Weye unataka kuniua?" akaniuliza. "Moyo inakimbia sawa moto yenye haina frein!"

Pikipiki isiyo na breki. Nilicheka, akanitupia kandambili. Siku iliyofuata nikampa amlodipini, nusu ya dozi kubwa, na kwa miezi minane tukaishi kwa amani. Kila asubuhi alipita dukani kwangu akielekea sokoni, akafungua kinywa kama mtoto wa ndege, nikamwekea kidonge ulimini, akanywa maji, akaniita munganga yangu, yaani daktari wangu, mbele ya wateja. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na bado nilipenda kuitwa hivyo na mama yangu.

Sokoni mama aliuza ndagala wakavu. Kwenye benchi hilohilo, kiwiko kwa kiwiko, aliketi mwenzake anayeuza maziwa, na mimi tangu utotoni namwita Mama wa Maziwa. Alishuka na watu wake kutoka milima ya juu nikiwa bado shule ya msingi. Walikuwa waumini wa kanisa moja, walizika waume zao mwaka mmoja, na waligombana kila Jumatatu kwa sababu Mama wa Maziwa alidai harufu ya ndagala inaingia kwenye bidon zake, yale madumu ya maziwa. Kila asubuhi kabla wateja hawajajaa, alimimina mashanza, yale maziwa mazito yaliyoganda, kwenye kifuniko cha bidon, akapiga funda la kwanza yeye mwenyewe, kisha akampa mama.

Hilo funda la kwanza si adabu tu. Kwetu anayekupa cha kunywa hukionja mbele yako, uone kimepita kooni mwake salama. Asiyeonja anakuachia maswali. Na mtu aliyetoka milimani, katika mji huu na katika miaka hii ya vita ambapo watu wa kule huitwa wageni na kushukiwa, inambidi aonje mara mbili. Yeye alilijua hilo, na hata siku moja sikumsikia analilalamikia.

Mwezi wa tisa tansio ya mama ikapanda tena. Daktari mmoja aliyempima aliniambia niongeze dozi mara mbili, nami nikaongeza, na ikashuka vizuri. Wiki ya tatu nikaona viatu vyake vinamkaza. Wiki ya nne akaanza kwenda sokoni na kandambili.

"Maguu yangu iko na nini?" akaniuliza.

"Ni joto, Mama. Na weye unakaa ku benchi siku nzima."

Nilisema hivyo bila kupepesa. Nina sababu, na sitaki kujitetea nayo, nataka tu ijulikane. Mwaka uliotangulia nilimweleza jirani mmoja, kwa uaminifu wote niliofundishwa, kwamba kidonge hicho huweza kuvimbisha miguu. Alishukuru, akaenda nyumbani, akakiacha. Masika hayajaisha, upande mmoja wa mwili wake ukafa, na baada ya wiki mbili tukamzika. Tangu hapo nikajiapiza kwamba mgonjwa wa tansio atasikia kutoka kwangu neno moja tu: meza. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya mwenye kuficha madhara ya dawa hawakusema kitu, nami nikachukua kwamba wameniruhusu.

Sasa, katika wiki hizohizo, akina mama wa kanisa walikuwa wamefunga siku saba kuombea amani. Mama nilimkataza kufunga kwa sababu ya dawa. Mama wa Maziwa alifunga. Kwa siku saba alimimina mashanza kwenye kifuniko akampa mama bila kuonja, kwa kuwa alikuwa na ahadi na Mungu wake. Mama alikunywa bila kuwaza lolote. Kama si miguu, hakuna mtu duniani angekumbuka siku zile.

Lakini miguu ilikuwa pale, imejaa, inang'aa, na akina mama wakaja kumtazama. Mmoja akabonyeza kidole, shimo likabaki. Wakatazamana. Mmoja wao akauliza lile swali ambalo kwetu huulizwa kila mtu akivimba au akikohoa bila sababu.

"Nani alikupatia kitu ya kunywa na hakuonja?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeegemea mlango nikikwangua tope kwenye kiatu. Nilimwona mama akifikiri, kwa moyo mweupe kabisa, jinsi mtu anavyofikiri akiulizwa ameweka wapi ufunguo. Kisha nikamwona anakumbuka. Hakutaja jina. Alisema tu, "Eh," akavuta kitenge kufunika miguu.

Neno ni karuho. Ni sumu ya polepole, inayowekwa na mtu unayekula naye, na watu wa kwetu huiogopa kuliko kipindupindu, kwa sababu kipindupindu angalau hakikuchagui. Nani ameiona hiyo sumu? Hakuna. Nani haijui? Hakuna. Pale mlangoni nilikuwa na nafasi ya kusema, "Jamani, ni kidonge." Maneno matatu. Nikaona mbele yangu mama akikitema, nikaona na kaburi la jirani. Nikasema nina wateja, nikaondoka. Hasira niliyokuwa nayo njiani niliwatupia wale akina mama, kwa ujinga wao, na ilikuwa hasira tamu maana haikunigusa mimi.

Wiki ile mama akapanda moto kwenda Lubarika, kwa mdogo wake anayelima kule bondeni. Kuna mtu kule anayetapisha watu sumu kwa dawa za miti. Nilimfungia vidonge kwenye karatasi nikavitia katikati ya nguo zake. Yule mtu akamwambia dawa za hospitali zinagombana na dawa yake, ama hii ama ile. Mama akachagua. Akatapika siku tatu, akapumzika siku sita akila muhogo na mboga za mdogo wake, na kwa siku tisa hakumeza kidonge hata kimoja.

Msomaji ameshaona yatakayokuja. Mimi pia niliyaona, nikiwa nimesimama dukani, siku aliyorudi akashuka kwenye moto amevaa viatu vyake vyeusi vya mshipi, vilevile vilivyomshinda. Miguu ilikuwa imekauka, myembamba, miguu ya msichana. Kidonge kikiacha kumezwa, maji hurudi yalikotoka. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari langu la shule, kwa kalamu nyekundu. Mama akajigeuza mbele ya wateja ili wote waone.

"Munganga yangu, tazama! Yule muzee iko na nguvu. Alitosha kitu yote mu tumbo."

Nikampima. Ishirini na moja juu ya kumi na mbili.

"Mashine yako iko na wivu," akasema, akaenda zake sokoni kwa mwendo wa mtu mwenye arusi.

Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Kanisani kwetu mtu aliyeponywa hapaswi kukaa na uponyaji wake kimya, ni kama kula peke yako. Alisimulia miguu, alisimulia Lubarika ingawa alimpunguza mganga na kumwongeza Mungu, akamalizia kwa kumshukuru Bwana aliyemwokoa na mkono aliokuwa anakula nao. Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji jina. Benchi ya nyuma mtu akasema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako," na kanisa zima likaitika amina. Mama wa Maziwa alikuwa ameketi safu ya tatu. Nilimwona shingo tu. Haikugeuka. Wimbo ulipoanza alisimama akaimba pamoja na wengine, mpaka mwisho, na mimi nyuma yake sikuimba.

Kesho yake bidon zake zilirudi nyumbani zimejaa. Na keshokutwa. Mama alihamia benchi nyingine. Siku ya nne mtu aliandika karuho kwa makaa kwenye mlango wake, herufi kubwa. Hapa mtu akiandikwa mlangoni hasubiri kuandikwa mara ya pili, huhama. Kilichokuwa kinaharibika si biashara ya maziwa, ni jina la mtu ambaye hana lingine la kuishi nalo mjini, na neno la kuliokoa lilikuwa limelala kwenye rafu yangu, usawa wa macho.

Alikuja mwenyewe dukani, adhuhuri, akangoja mteja wa mwisho atoke.

"Mutoto yangu, weye ulisoma," akasema. "Niambie. Ni nini inavimbisha maguu ya muntu?"

Nikaanza kumtajia. Moyo. Figo. Ini. Mimba. Nilikuwa naizunguka nyumba nikiogopa mlango. Alisikiliza kwa subira.

"Na dawa?"

"Na dawa, Mama."

"Dawa gani?"

Nikanyoosha mkono nikashusha boksi. Akatoa ile karatasi nyembamba ya ndani, akaikunjua juu ya meza, akaipiga pasi kwa kiganja. Kifaransa hakukijua. Akaniambia nimsomee, nami nikamsomea mpaka kwenye mstari unaosema kwamba vifundo vya miguu huweza kuvimba.

"Waliandika?"

"Waliandika."

"Na weye ulisomaka hii karatasi mbele ya kumupatia?"

"Nilisoma kabla."

Sikuwa nimewahi kumwona mtu akikasirika bila sura yake kubadilika. Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, ambayo mimi sijawahi kuiweza, akairudisha kwenye boksi.

"Basi umuambie mama yako. Minye nikisema, watasema najitetea. Na usikawie, mutoto yangu. Minye siko na siku mingi hapa."

Nilifunga duka mchana huohuo. Mama alikuwa anachambua ndagala uani. Nikaketi mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia yote: dozi, mishipa midogo, kwa nini miguu ilivimba, kwa nini ilikauka Lubarika, na kwamba nilijua. Nikamsomea na karatasi. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza alinitazama kwa huruma kubwa ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani angenipiga.

"Kama ile dawa ingekuwa inavimbisha maguu, ungeniambia," akasema. "Weye ni mutoto yangu. Ungeniambia siku ya kwanza."

"Sikukuambia, Mama."

"Unamuhurumia yule. Iko na roho muzuri weye, tangu mutoto. Lakini usibebe zambi ya muntu mwingine."

Ningefanya nini? Nilikuwa nimekiri kosa, na mtu niliyemkosea ananisamehe kwa kukataa kwamba nilikosa.

Baada ya siku tatu kichwa kikamuuma, kile cha nyuma, kinachopanda na jua. Akaja mwenyewe. Dawa ya yule mzee wa Lubarika ilikuwa ya kutoa sumu, akasema, na sumu imekwisha, sasa munganga wake ampe ile ya tansio. Alikaa kwenye kiti akafungua kinywa.

Sijawahi kusimama mbele ya rafu kwa muda mrefu vile. Nifedipini asingeikubali. Kaptopirili, ya ukoo mwingine kabisa, ilikuwepo, lakini hiyo huleta kikohozi kikavu kisichoisha, na kikohozi cha namna hiyo ndiyo dalili ya karuho ambayo kila mtoto wa Uvira anaijua. Verapamili nilikuwa nayo. Nikimpa hiyo, huenda tansio ingeshuka na miguu ingebaki myembamba, na Mama wa Maziwa angebaki mwuaji mpaka kufa kwake. Nikimpa amlodipini kwa dozi ndogo, kama muuguzi mwenye akili zake angefanya, huenda isivimbe. Nikimpa dozi kubwa, ingevimba.

Nikamshika mapigo. Hamsini na mawili. Moyo wa mama yangu ni wa polepole kwa asili, na moyo kama huo haupewi verapamili. Kwa miezi kadhaa nimejiambia kwamba mapigo ndiyo yaliyoamua. Si kweli. Mapigo yalinizuia verapamili, hayakunilazimisha dozi kubwa. Dozi kubwa niliitoa kwa sababu nilitaka miguu ya mama yangu ivimbe. Ninaujua vizuri ule mkono wangu ulivyokwenda kwenye rafu.

"Mama, sikia," nikamwambia. "Hii dawa, mbele ya wiki mbili, itavimbisha maguu yako. Usikunywe maziwa ya muntu. Usikule kwa muntu. Pika weye mwenyewe. Ikivimba, ujue ni hii."

"Sawa, munganga," akacheka, akameza.

Siku hizo nilihesabu kwa kutazama chini. Kila asubuhi alipopita nilianza na viatu vyake kabla ya uso. Mama wa Maziwa hakuja tena dukani. Siku ya tisa nikaenda kwake, nikitaka kumwambia avumilie kidogo tu, jambo liko njiani. Mlango ulikuwa na kufuli. Ile herufi ya kwanza alikuwa ameifuta kwa maji, nyingine zote akaziacha, nadhani maji yalikwisha au nguvu. Jirani alisema yeye na watu wake wameondoka jana. Kwenda wapi? Mmoja akasema milimani, ambako barabara ilikuwa imefungwa tena na hakuna aliyejua kulivyo. Mwingine akasema wamevuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Nikapiga simu yake palepale mlangoni. Ile sauti ya mashine ikaniambia mtu wangu hapatikani, nikapiga tena, nikapiga mpaka jirani akaona aibu akaingia ndani.

Siku ya kumi na mbili mama alituma niitwe.

Alikuwa ameketi kitandani, viatu vyeusi viko kando, vimefunguliwa mishipi. Miguu ilikuwa imejaa. Kwa siku zote hizo alikuwa amepika mwenyewe, amechota mwenyewe, hakugusa kikombe cha mtu. Alibonyeza dole gumba juu ya kifundo, akalitoa, tukatazama shimo wote wawili.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mbele ya minye kumeza."

"Mbele ya kumeza."

"Na ile siku bale bamama balikuwa hapa. Ulikuwa ku mulango."

"Nilikuwa, Mama."

Hakupandisha sauti. Mama yangu, ambaye alitupa kandambili kwa sababu ya moyo kukimbia kidogo, siku hiyo hakuwa na cha kunitupia. Aliuliza Mama wa Maziwa yuko wapi. Nikamwambia kwamba sijui, kwamba simu haishiki. Akageukia ukuta.

Jumapili alisimama tena. Alikwenda mbele na kandambili, miguu imevimba, ili waione, akasema kwamba ushuhuda wake wa kwanza ulikuwa uongo ingawa hakujua, kwamba hakuna aliyemlisha sumu, kwamba amemsingizia mtu ambaye hawezi kumpata amwombe radhi. Ule ushuhuda wa kwanza ulipigiwa vigelegele. Huu ulipokelewa kwa kikohozi na mlio wa mabenchi. Watu walitazama miguu yake iliyojaa, na nilijua hasa walichokuwa wanafikiri: maskini, imerudi. Nje mmoja wa wale akina mama alinishika mkono akaninong'oneza kwamba karuho nyingine hutapishwa mara mbili. Nilimweleza kuhusu kidonge. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, mishipa na maji. Alinisikiliza, akaniambia Mungu anibariki kwa kumpenda mama yangu.

Wiki hiyo nilimtayarishia mama dozi ndogo na kidonge kingine cha kuisaidia, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu mwanzo. Nikamngoja asubuhi na kikombe cha maji. Alipita upande wa pili wa barabara. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikamkimbilia na kidonge mkononi, barabarani, mbele ya moto zinazopiga honi.

"Dawa nitameza," akaniambia. "Minye sitaki kufa. Lakini haitatoka tena mu mukono yako."

Ananunua kwa mmoja wa wale wanaotembeza vidonge kwenye beseni, juani, vimetolewa kwenye maboksi na kukatwa viwiliviwili. Nilimfuata yule mtu nikamuuliza anampa mama yangu nini. Akasema, ya tansio. Ipi? Akasema, ya tansio, Mama, ile ya muzuri. Alinionyesha kipande cha alumini ambacho jina lake limekatwa katikati.

Basi kila asubuhi nasimama mlangoni pa duka langu, rafu zangu zote nyuma yangu, na mama anapita ng'ambo na beseni la ndagala kichwani. Namwamkia, ananiitikia, maana si mtu wa kununiana barabarani. Kisha natazama miguu yake. Wiki hii tena ni myembamba, amevaa viatu vya mshipi. Kwa hiyo si amlodipini, au ni amlodipini ndogo, au imeharibika kwa jua. Au ni verapamili, na moyo wake wa hamsini na mawili sasa unapiga ngapi sijui, kwa sababu mkono wake hanipi. Au hamezi kitu chochote. Anakata kona, simwoni tena, nami nabaki nikisubiri kesho nione kama atapita.